Muhuri wa Bi Pua

Ukitaka kugombana na Bi Pua asubuhi kabla hajanywa chai, mwambie kwamba kasha ni kasha tu. Atakutazama kuanzia viatu hadi utosi, kisha atakuuliza kama na wewe kwako mnapakua chakula kwenye beseni la kufulia, maana chombo ni chombo tu. Ukinyamaza hapo, shukuru.

Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alipewa na marehemu mumewe, fundi seremala, ambaye karakana yake iko uani mpaka leo, ukitoka tu mlango wa jikoni. Karakana hiyo hutengeneza kitu ambacho watu wengi hawajapata hata kukiona: makasha ya kutunzia sigara nene, zile za majani matupu ya tumbaku yaliyovingirishwa, ambazo wenye nazo hupenda kuvuta wakishashiba. Sigara hizo zina madeko kuliko bibi harusi. Zikikauka zinapasuka na kuwa chungu, zikilowa zinaota ukungu. Kwa hiyo hulazwa kwenye kasha la mbao lenye kipande cha sifongo kilicholowa pembeni. Nje ya kasha ni mninga, ndani ni mwerezi mtupu, na kazi ya mwerezi ni kunywa unyevu ukizidi na kuutoa ukipungua. Kasha likitengenezwa vizuri linajitunza lenyewe. Likitengenezwa ovyo, ni jeneza la tumbaku.

Bi Pua mwenyewe hajawahi kuvuta sigara, nene wala nyembamba. Moshi unamkera. Kazi yake ni kukagua, na ameifanya tangu binti yake akiwa mgongoni. Kwanza alikuwa akiinua kifuniko na kukiachia. Kifuniko cha ovyo huanguka pa, kama mlango wa mtu aliyenuna. Kifuniko kizuri hushuka taratibu, kwa sababu hewa iliyomo ndani haina pa kupenya, na kikifika chini hupumua kidogo tu, basi. Kisha alikuwa akibana kipande cha gazeti kwenye mdomo wa kasha na kukivuta. Karatasi ikitoka kirahisi, kuna ufa, na ufa huo aliusema mpaka ukazibwa. Kisha vidole, kila pembe, kutafuta gundi iliyovuja. Mwisho ndiyo pua. Aliingiza uso mzima ndani ya kasha, na karakana yote ilinyamaza. Siku ya ukaguzi hakuna aliyethubutu kumenya kitunguu jirani na dirisha lile.

Akitoa uso na kusema "Safi," hapo tu ndipo kile kichuma kilipowekwa kwenye jiko la mkaa. Kilikuwa muhuri mdogo alioufua mumewe kwa utani, umbo la pua, ingawa wateja wengi walidhani ni punje ya haragwe. Bi Pua aliugandamiza chini ya kasha kwa mkono wake mwenyewe. Bila muhuri huo kasha halikutoka uani, hata mteja awe amesimama mlangoni anatweta. Wanawake wengine wana hati za nyumba, wengine wana dhahabu. Yeye kauli yake yote katika nyumba ile ilikuwa kwenye kichuma kile.

Mumewe alipofariki, binti yao alishika randa. Ni fundi kweli, si wa kubebwa na jina la baba. Mume wa binti ndiye anayeuza, maana ana ulimi. Na nje, chini ya kibati, yupo fundi wa kupaka vanishi waliyemchukua kutoka kwenye karakana ya majeneza, mtu mpole, anayeitwa Mng'aro kwa sababu akiachiwa hata mti ulio hai ataupaka ung'ae.

Basi asubuhi moja Bi Pua aliingia karakana kutafuta blanketi kuukuu la kufungia kasha. Hakuliona mahali pake. Akainua macho, akaliona juu kabisa ya rafu, nyuma ya mbao zinazokaushwa, na limevimba. Akapanda kwenye kigoda, jambo ambalo binti yake amemkataza, akalivuta. Ndani ya blanketi mlikuwa na kasha.

Lilikuwa kasha zuri, mninga wenye mishipa kama mto. Akaliweka mezani, akainua kifuniko, akakiachia. Kikashuka kwa adabu. Akapitisha vidole ndani, na vidole vikateleza.

Alidhani amekosea. Akapitisha tena. Ndani ya kasha, juu ya ule mwerezi, mlikuwa mmepakwa vanishi, tena si mara moja, mpaka mbao zimekuwa kama sahani. Hakujisumbua kunusa. Mbao iliyopakwa vanishi haiwezi kunywa wala kutoa; umeiziba pua na mdomo. Halafu ile dawa yenyewe inaingia kwenye tumbaku, na mtu akivuta anavuta mlango wa ofisi. Hilo hata mtoto wa nyumba ile alilijua kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati.

Akaligeuza kuona ni uchafu wa nani. Chini pale palikuwa na muhuri wake.

Damu ilimchemka mpaka masikio yakavuma. Mtu amechukua chuma chake. Mtu ameingia ndani ya droo yake, akakipasha moto, akaligonga jina lake kwenye takataka hii, kisha akaificha ndani ya blanketi lake. Alitoka mlangoni akaita, na jirani wa upande wa pili akazima redio.

Walikuja wote watatu. Binti alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Mkwe alikuja na tabasamu lake la kuuzia, akaliona kasha, akalimeza tabasamu.

"Nani kapaka hii?" Bi Pua aliuliza.

"Mimi, Bi mkubwa," Mng'aro alisema. "Ilikuwa ndo nimefika. Kule nilikotoka, ukiacha ndani bila kupaka, wafiwa wanasema umewapunja."

"Wafiwa. Umeona mfiwa hapa?"

"Sijaona, Bi mkubwa."

"Wewe sina ugomvi na wewe, ulikuwa hujui. Kasimame pale." Akawageukia wengine. "Ninayemtaka ni mwizi. Nani kashika muhuri wangu?"

Mkwe alianza kuchunguza maranda sakafuni kama vile amedondosha kitu.

"Wewe mkwe, mwanangu wa kukaribishwa, nakuuliza. Mteja alikuwa na haraka, si ndiyo? Ukaona huyu mama anachelewesha biashara. Ukagonga ili uuze. Kizuri chajiuza, kibaya ndicho kinachotembezwa na watu wenye maneno matamu kama wewe."

"Mama, mimi sijawahi kugusa hicho chuma. Haki ya nani."

"Basi kimejigonga chenyewe. Kimetoka kwenye droo, kikatembea mpaka kwenye jiko."

"Mama," binti alisema.

"Subiri, sijamaliza naye."

"Mama, muhuri uliugonga wewe."

Bi Pua alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu aliyeambiwa kwamba jana alionekana juu ya paa la msikiti akikaanga mayai.

Binti alifuta nyusi kwa kiganja. Alisema taratibu, bila kumtazama. Siku ile vanishi ilikuwa haijakauka hata sawasawa. Yeye alikuwa amesimama pale mlangoni na harufu ilikuwa ikimchoma macho. Akasubiri mama aling'akie lile kasha na Mng'aro pamoja. Mama akaingiza uso mzima ndani, akavuta pumzi, akautoa, akasema safi. "Nikakosa la kusema, Mama. Likaenda. Mteja akalirudisha, sigara zake zote zimeharibika. Tukampa jingine, nikalificha hili."

Sasa hapa lazima isemwe jambo ambalo Bi Pua alikuwa hajamwambia mtu. Ile homa iliyomlaza mwaka jana iliondoka na harufu zote. Kahawa, sabuni, mvua, vyote vikawa maji. Alingoja zirudi, hazikurudi. Na kwa kuwa aliogopa watu watagundua, alianza kuiigiza pua. Alikuwa akivuta pumzi kwa kishindo kuliko zamani, akifumba macho, akitikisa kichwa. Maigizo hayo yalimshughulisha mpaka siku zingine akasahau kupitisha vidole. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na kasha.

"Mmejua tangu lini?"

"Tangu siku maziwa yalipoungua," mkwe alisema kwa sauti ndogo. "Ulikuwa umekaa pembeni ya jiko, unashona."

"Na makasha yaliyofuata? Niliyokagua baada ya hili?"

Binti alimtazama mumewe, na Bi Pua akaelewa kabla hajajibiwa.

"Nilikuwa nanusa mwenyewe kwanza," binti alisema. "Likiwa na tatizo nalirekebisha. Ndo nakuletea."

Kama angetukanwa, angejua la kufanya, maana matusi anayaweza. Hili lilikuwa baya zaidi. Miezi yote ile alikuwa akiinamia makasha ambayo yameshakubaliwa, akitoa hukumu ambayo imeshatolewa, kama mtoto anayepewa usukani wa gari lililozimwa na watu wazima wakimwambia anaendesha vizuri. Na wao walikuwa wakinyamaza. Bado walikuwa wakinyamaza akiingiza uso, kwa heshima. Alikumbuka heshima ile na akatamani kuvunja kitu.

"Mmenivika kilemba cha ukoka," alisema. "Nyumbani kwangu. Mmenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikakaa hapo najiona nimependeza."

"Tulikuwa tunakuonea huruma, Mama."

"Huruma kamwonee kuku aliyevunjika mguu. Jina langu limezunguka mjini linanuka vanishi, kila mtu analisikia isipokuwa mimi, na wewe mwanangu wa kuzaa unaona ni vyema nisijue. Ningekosea ningeambiwa. Baba yako alikuwa akikosea namwambia, tena mbele ya wateja. Ndiyo maana kasha lake likawa kasha. Leo mimi ndiye wa kufichwa kwenye blanketi?"

Alichukua kasha lile akaondoka nalo. Alipika mchana ule kwa hasira, sufuria zikisikika mpaka barabarani, na alimpakulia kila mtu bila kumtazama yeyote. Mkwe alisifu chakula. Akaambiwa akae kimya, kwamba sifa zake zimeshazoeleka.

Walipomaliza kula alirudi karakana. Kwenye meza palikuwa na kasha jipya lililokuwa likingoja kukaguliwa, kazi ya binti yake, wiki kadhaa za kazi. Bi Pua akaliinamia na moyo mbaya. Niseme kweli, alitaka liwe bovu. Alitaka kukuta ufa wa kuingia unywele, tone la gundi, bawaba iliyokaa upande, chochote ambacho angekishika na kuwaonyesha kwamba bado yupo. Akaachia kifuniko. Kikashuka, kikapumua. Akabana gazeti upande huu na upande ule, likachanika kabla ya kutoka. Akapitisha vidole kila pembe, mara ya kwanza, mara ya pili, akafumba macho akapitisha tena. Mwerezi ulikuwa mkavu, laini, mtupu. Hapakuwa na kosa. Mwanamke amemzidi baba yake, na leo ndiyo siku aliyochagua kumzidi.

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Hakujua kama aingie.

"Umeshalinusa?" Bi Pua aliuliza.

"Bado. Nimeogopa."

"Njoo unuse. Hapa, mbele yangu."

Binti alikuja, akainama, akaingiza uso mzima kama alivyomwona mama yake akifanya tangu utotoni. Mng'aro alisimamisha brashi hewani.

"Safi," alisema.

"Safi vipi? Safi nilikuwa nasema mimi, na umeona ilivyotufikisha. Niambie unasikia nini."

Binti alirudisha uso ndani. Alikawia.

"Kama penseli, ukiichonga. Halafu kuna kitu kama pilipili manga, lakini mbali." Akavuta pumzi tena. "Halafu, sijui, Mama. Kama shati la baba. Akitoka huku jioni anakuja kula, kabla hujamfukuza akaoge."

Bi Pua alikaa kwenye kigoda. Alishika ukingo wa meza. Tangu ile homa alikuwa amelifungua kabati la nguo za marehemu mara nyingi, akaingiza uso kwenye yale mashati, na akakuta kitambaa tu.

"Bado linanukia hivyo?"

"Bado, Mama. Kila kasha."

"Kila kasha," alisema, na sauti ikampanda upya, hasira ile ile ya asubuhi lakini imepata mahali pa kukaa. "Na ulikuwa unanusa peke yako. Tangu maziwa yaungue unanusa peke yako, unaniletea mimi mbao. Ungeniambia siku ile ile, ningekuwa nakuuliza kila siku."

Binti alijaribu kusema samahani, na mama yake akamkatiza kwa mkono, kwamba alete chuma, mkaa unapoa. Waliugonga muhuri pamoja, mkono wa mmoja juu ya mkono wa mwingine, na Bi Pua akalalamika kwamba umekaa upande. Kwa kweli ulikuwa umekaa upande.

Lile kasha la vanishi halikuvunjwa. Liko chumbani kwake, anawekea sindano na nyuzi, muhuri ukiwa chini. Na kazi ikiisha uani, humwita binti yake anuse, kisha humtaka aeleze, na akieleza kwa haraka humwambia anuse tena.