Mpaka Bati la Mwisho

Mwaka wa 1974 Jeconia Shiundu, fundi wa mbao kutoka Butere, aliandikwa kazi na Mburu, kontrakta wa Kawangware jijini Nairobi, kuezeka madarasa mawili ya kanisa moja huko Kabiro. Mafundi walikuwa wanne, na mapatano yalikuwa ya mdomo tu: bati la mwisho likishapigwa, kila mtu aende zake.

Darasa la kwanza liliisha upesi. Walipoingia la pili, Shivachi, aliyewazidi wote umri, akawaambia wapunguze kasi. Kila asubuhi nje ya uwanja wanaume walikaa juu ya mawe wakingoja kazi, na hakuna fundi aliyetaka kurudi kukaa nao. Basi misumari ikaanza kupotea. Jeconia naye akapiga nyundo polepole, ingawa mawingu ya masika yalishajaa upande wa Ngong na kuta zilikuwa bado hazina paa.

Siku moja Mburu alifika, akatazama juu kwa muda, kisha akawauliza wale wa kwenye mawe nani anajua kuezeka. Wote wakasimama.

Jeconia akashuka. Shivachi alimwita; akazidi kumwendea Mburu.

“Mzee, ni kweli tunachelewesha,” alimwambia Mburu. “Kila bati tunalopiga linatufukuza kazi.”

Mburu akamvuta kando. Alikuwa na nyumba za kupangisha zinazongoja kuezekwa huko Gatina, akasema. Angemchukua Jeconia awe msimamizi, wengine waondoke leo hii. Jeconia alimfikiria Sella, mkewe, aliyekuwa amejifungua juzi tu.

“Tuchukue wote wanne,” alisema. “Ama unifukuze pamoja nao.”

Mburu akaingia garini, akaondoka.

Jeconia akapanda tena, akaanza kupiga bati kwa kasi. Shivachi akamuuliza kama ameingiwa na wazimu, naye akawaeleza alichomwomba Mburu. Upepo ulikuwa ukiinua mabati ambayo hayajafungwa. Mmoja akaanza kumsaidia, kisha wa pili, mwishowe Shivachi akatoa misumari mfukoni.

Mburu alirudi mvua ikinyesha, akasimama ndani ya darasa, pakavu. Akasema Jumatatu waende Gatina, wote, ila siku za kungoja kati ya kazi na kazi hazina malipo. Wakakubali.

Jeconia alifanya naye kazi hivyo hadi 1981, jengo baada ya jengo. Hakupata kuwa mwajiriwa wa kudumu. Lakini hakupanda ngazi tena kabla ya kuuliza wataenda wapi kazi hiyo ikiisha.