Chui wa Mama Mbele ya Profesa

Mkitaka kucheka, chekeni. Mimi aibu bado haijanitoka.

Ninasomea fasihi linganishi Ubelgiji, kazi ya kulinganisha hadithi za mataifa. Mwaka jana nilimpa profesa hadithi ya mama yangu, ya chui aliyejifanya kiwete ili mbuzi wambebe. Profesa akaruka kwa furaha: Ulaya kuna hadithi kama hiyo, ila huko ni mbwa mwitu. Basi nikaandika kwa kiburi kwamba sisi Wahunde, kabila la mama, tuliisimulia kabla ya Wazungu. Kwa andiko hilo nikapewa bursi, fedha za kuendelea na masomo.

Likizo hii profesa akanifuata mpaka kijijini kwetu Kashuga, amsikie mama mwenyewe. Usingizi uliniruka. Nilihofia moshi wa jikoni, nikahofia mvua, nikahofia kiti chetu kisije kikamwangusha mgeni. Hadithi sikuihofia hata kidogo.

Mama aliisimulia vizuri ajabu, huku akichambua maharagwe. Profesa, ambaye alifundishwa Kiswahili na mapadri, akamuuliza, "Mama, nani alikupa hadithi hii?"

Mama akanitazama kwa fahari.

"Si huyu mutoto wangu! Wakati alikuwa ku masomo ya Bapadri, njo alitusomea ile mu kitabu. Mule ilikuwa mbwa ya pori ya kwenu Bulaya. Mimi njo niliweka chui, sababu hapa batu habajuwe ile mbwa. Umesahau, mwanangu?"

Profesa alipogeuka kunitazama, alinikuta nimeinamia ungo, nachambua maharagwe.