Ua la Bati la Shangazi Mwanahawa

Nikipita karibu na karakana, harufu ya chuma kinachochomelewa hunirudisha Usagara, kwenye uwanja mdogo mbele ya soko, nilipokuwa na umri wa miaka tisa.

Shangazi yangu Mwanahawa alikuwa fundi wa kuchomelea, mwanamke pekee wa kazi hiyo mtaani kwetu. Kwa kawaida alitengeneza mageti na madirisha. Mwaka ule viongozi wa mtaa walimwomba pambo la uwanja, naye akawaundia ua la bati, refu kupita paa la nyumba yetu. Juu aliweka paneli za sola, na shina lake lilikuwa mabomba marefu kwa mafupi. Jua likiwaka, feni iliyofichwa ndani ingepuliza hewa mabombani na ua lingeimba. Wingu likipita, lingenyamaza.

Siku ya uzinduzi tulivaa nguo zetu za Idi. Mbingu nazo zikavaa mawingu. Watu walitazama juu, wakangoja. Kimya.

“Mwanahawa, ua lako limelala?” aliuliza Mzee Shee, muuza kahawa.

Uwanja mzima uliangua kicheko. Nilijificha nyuma ya baibui la mama.

Jioni nilimfuata shangazi, nikamsihi: “Weka betri basi, lilie hata kukiwa na mawingu. Watu wanatucheka.”

“Nikiweka betri, mwanangu, nitakuwa nimewatengenezea redio,” alijibu. “Hili ni la jua. Tungoje.”

Mvua ikanyesha siku tatu. Shuleni wakanipachika jina: Ua Bubu.

Asubuhi ya nne nilifuatana na shangazi kununua mihogo. Tulipofika uwanjani mawingu yakafunguka. Kwanza ulitoka mvumo mnene, kama wa mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Kisha sauti nyembamba ikapanda juu yake, halafu nyingine. Mzee Shee aliduwaa, kahawa ikimwagika nje ya kikombe.

“Allahu akbar! Limeamka!”

Watoto walikuja mbio kutoka kila uchochoro. Shangazi aliketi chini palepale, kwenye matope, akacheka huku machozi yakimtoka.

Nilidhani anawacheka waliotucheka. Nilikuja kuelewa ukubwani, siku nilipoanika kazi yangu mwenyewe mbele za watu, nikingoja kuona kama wataicheka. Siku zote zile tatu hata yeye hakuwa na hakika kwamba ua litaimba. Aliogopa kama mimi, ila aliweza kungoja.