Njia ya Maji Iliyouzwa

Maji yakipita kwenye nyasi hayapigi kelele. Ndiyo sauti ninayoikumbuka ya masika nyumbani kwetu, kwenye mteremko nje ya Litein: mnong'ono tu, pamoja na harufu ya majani chai kutoka kiwandani. Kati ya mashamba palikuwa na ukanda wa nyasi ulioshuka kutoka juu ya kilima hadi kijitoni. Ilikuwa njia ya maji, na hakuna aliyepanda chochote pale. Mvua ikinyesha, sisi watoto tulikimbilia huko na magunia matupu, tukateleza hadi chini, kisha mama akatuchapa kwa sababu ya matope.

Nilipokuwa darasa la tano, shamba la juu lilinunuliwa na bwana mmoja wa mjini, akang'oa chai na kulikata ploti. Ule ukanda aliuona ardhi ya bure. Akaufukia, akauuza nao, kisha akachimba mtaro kando ya barabara yake mpya na kuuelekeza kwetu, maana sisi tulikuwa chini. Maji hufuata mkondo, na mkondo sasa ulikuwa mlango wa jikoni mwetu. Mvua kubwa ya kwanza ilizoa kitalu chote cha miche ya chai ambayo mama alikuwa ameimwagilia kwa mkono kiangazi kizima. Alipanda kilima akiwa na matope hadi magotini, mimi nyuma yake. Yule bwana alimjibu kwa upole, na upole huo bado unanichoma: "Mama, maji ni ya Mungu. Mimi nitayazuia aje?"

"Mvua ni ya Mungu," mama akasema. "Lakini huo mtaro ni wewe umechimba."

Yule bwana akacheka, akaingia kwenye gari lake. Majirani walimwambia mama, mwenye nguvu mpishe. Tumpishe twende wapi? Nilikasirika siku ile, na sijapoa hadi leo.

Sasa kule juu kuna nyumba za mabati ya rangi na lango lenye mlinzi, na kila paa linamwaga maji yake kwetu. Nikienda kumwona mama, mawingu yakitanda yeye hukatiza mazungumzo, akanyanyua gunia la mahindi na kuliweka mezani. Wanangu humsaidia kupandisha viti. Hawakimbilii nje. Wanadhani kila nyumba hufanya hivyo mvua ikija.