Masikio ya Gego

Wagonjwa wa kliniki ile ya meno walimjua daktari wa mbele, yule anayewaambia wafungue vinywa. Hawakumjua mtu wa chumba cha nyuma. Yeye ndiye aliyekuwa akitengeneza meno ya bandia, mwaka wa ishirini na sita sasa, naye hakuwajua wagonjwa kwa sura. Aliwajua kwa taya zao za plasta zilizopangwa kwenye rafu, kila moja na namba yake. Mara nyingine alipishana barabarani na mtu anacheka, akayatambua magego aliyoyachonga mwenyewe, akapita bila neno. Angemwambia nini? "Hujambo, hayo meno ni yangu"?

Alikuwa mtu wa maneno machache. Mkewe ndiye aliyeongea kwa niaba ya wote wawili, na hawakujaliwa mtoto. Mke alipofariki, vyumba vyao viwili vilinyamaza hadi friji ikawa ndiyo msemaji wa nyumba.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi aliingia duka la vifaa vya umeme kutafuta balbu. Pembeni ya mlango palikuwa na kasha la vitu vilivyokosa wanunuzi, na humo akaokota visikilizi vya kuchomeka sikioni. Vilikuwa vya waya, vya chuma, vinene kama maharage yaliyolowekwa.

"Hivyo vimelala hapo miaka," muuza duka akamwambia. "Hata kiwanda kiliacha kuvitengeneza. Watu wanasema havina besi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nauza balbu, mzee wangu."

Akavichukua, nadhani kwa kuvihurumia. Nyumbani alivichomeka kwenye simu akatafuta muziki wa ala tupu, kwa sababu hakuwa na hamu ya kusikia mtu akiimba mapenzi. Kweli, sauti ilikuwa nyembamba, ya bati, na visikilizi vyenyewe viliteleza kwa uzito. Akavishindilia kwa vidole visianguke. Hapo gitaa zito likainuka kutoka chini, kinanda kikapata mwili, na akamsikia mpiga filimbi akivuta pumzi kabla ya kupuliza. Akaondoa vidole, sauti ikakonda. Akashindilia tena, ikanona.

Mtu aliyezoea meno ya bandia anakijua kitu kisichokaa sawasawa. Alielewa palepale kwamba ubaya haukuwa katika sauti. Visikilizi vilisingiziwa. Havikuwa vikikaa vizuri sikioni, basi, na besi yote ilivujia nje.

Tangu hapo, kila jioni baada ya kazi alikaa kwenye kiti kando ya dirisha, kidole kimoja kila sikio, kama mtu anayekataa kusikia habari mbaya. Chai ilipoa mbele yake, maana hakuwa na mkono wa tatu wa kushika kikombe.

Kwenye mtandao alikuta kundi la watu wanaopenda mambo ya sauti, akajiunga kwa jina la Gego. Alipovisifia visikilizi vyake walimcheka. Mmoja aliandika, "Gego, hivyo ni vya kumpa adui." Hakubishana. Aliandika tu kwamba mwenye navyo avilete Jumamosi kwenye chumba chake cha nyuma kliniki, atavikalisha sikioni.

Wa kwanza kuja alikuwa dereva wa lori, mtu wa miraba minne aliyelazimika kuinamisha kichwa mlangoni. Gego akamkalisha kwenye stuli. Akamtia pamba ndogo yenye uzi ndani ya sikio, kisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano akajaza uji mzito wa rangi ya waridi, uleule wa kuchukulia umbo la taya.

"Dakika tano. Usiongee. Taya ikisogea, na tundu la sikio linasogea."

Uji ulipoganda aliuvuta, ukatoka na umbo la sikio kama lilivyo. Akaumwagia plasta, na wiki iliyofuata dereva akapata vifuniko viwili laini vya kuvisha visikilizi, vilivyotobolewa katikati, vya masikio yake na si ya mtu mwingine. Dereva akasikiliza. Akavichomoa, akavitazama, akavirudisha.

"Kumbe vilikuwa hivi siku zote?"

"Siku zote."

Habari zikasambaa kundini. Watu wakaanza kufukua kwenye madroo yao na kwenye makasha ya maduka. Mwaka ulipoisha alikuwa amekalisha jozi kumi na moja. Wote walimshukuru sana, na wote waliondoka haraka, kwa sababu mtu akishapata sauti nzuri hataki tena maongezi, anataka kwenda kuisikiliza. Mlango ukijifunga, Gego alibaki na taya zake.

Na yeye mwenyewe? Bado alikuwa anashindilia kwa vidole. Sikio la mwenzako unaliona. Lako, hata ukishika vioo viwili, mkono unakwenda kulia ukitaka kushoto. Alijaribu mara moja. Uji ukajaa kwenye nywele, ukaganda, akalazimika kujikata nywele upande mmoja. Mpokezi wa kliniki alipomwona asubuhi akauliza kama amepigana na panya. Akamwomba yeye amsaidie, mpokezi akasema, "Baba, mimi sikio la mtu siwezi, hata la mwanangu namwachia bibi yake." Daktari alicheka, akasema tutaangalia, na hakuangalia.

Upweke una sura nyingi. Wake ulikuja hivi: alikaa na karatasi kuandika majina ya watu wanaoweza kumgusa sikio, akaandika jina moja. Dada wa marehemu mkewe.

Shemeji huyu alikuwa mshonaji, mwenye mkono usiotetemeka hata kwenye hariri. Lakini hawakuwa wamesemezana tangu mazishi. Mkewe, siku zake za mwisho, aliomba aondolewe hospitali akapumzike kwa dada yake. Gego alikataa, kwa kuwa madaktari walisema bado kuna tumaini. Akafia wodini. Shemeji alisema makaburini, mbele ya watu, "Uliwasikiliza wenye makoti meupe. Yeye hukumsikiliza." Na kweli ikikuwasha huna pa kujikuna.

Ilimchukua wiki mbili kupiga simu.

"Shemeji, nina shida ya ajabu kidogo."

"Sema."

Akaieleza. Alitarajia kukatiwa simu.

"Yaani unataka nikuzibe masikio?" shemeji akauliza. "Mimi? Wewe?"

"Ndiyo."

"Nakuja Jumamosi."

Alifika saa nane mchana na miwani yake ya kazi shingoni. Hakuuliza habari za nyumba. Alinawa mikono, akashika bomba la sindano, akalipima uzito kama mkasi mpya. Gego akamwonyesha pamba, uzi, mpaka wa kujaza. Akamwambia yeye hataweza kuongea.

"Hilo si geni kwako," shemeji akasema.

Uji uliingia baridi, sikio la kulia, kisha la kushoto. Dunia ikafungwa. Alibaki akisikia moyo wake mwenyewe na mate yakishuka kooni.

Shemeji akavuta stuli, akaketi mbele yake. Midomo yake ikaanza kusogea.

Aliongea dakika zote tano. Mwanzo alitazama rafu ya taya, baadaye akamtazama yeye usoni. Mara akanyoosha kidole, mara akafuta jicho kwa mgongo wa mkono, mara akacheka kidogo. Gego aliona neno moja tu, jina la kubembeleza la mkewe, ambalo lilijulikana midomoni mwa wote wawili. Alitaka kujibu. Lakini alikuwa ameikaza taya kama alivyowaagiza wengine, na hakuisogeza.

Kengele ya saa ililia, hakuisikia. Shemeji ndiye aliyemgusa bega. Akavuta uji, sikio moja, kisha la pili.

"Ulikuwa unasema nini, shemeji?"

"Niliyosema nimeshayasema. Usinirudishe." Akatazama vile vipande viwili vya waridi kiganjani. "Vimetoka vizuri?"

"Vizuri sana."

"Haya." Akanawa mikono, akaondoka.

Vifuniko vilipokuwa tayari alisikiliza kwa mara ya kwanza bila vidole. Ilikuwa kama watu wale kumi na mmoja walivyosimulia, na zaidi. Alikunywa chai ikiwa moto. Akataka mtu mwingine asikie, akampelekea mpokezi, havikumwingia. Sasa vilikuwa vya masikio yake peke yake.

Akampigia shemeji kumwambia vimekaa.

"Nimefurahi," shemeji akasema. Cherehani ilikuwa ikilia nyuma yake. "Unakula?"

"Nakula."

"Usiniongopee."

"Mara moja kwa siku."

Shemeji akaguna, akasema ana mteja anayesubiri gauni. Wamepigiana mara nne tangu hapo, simu fupifupi za aina hiyo, na hakuna aliyewahi kuitaja Jumamosi ile. Juzi kundini mtu mpya ameuliza kama bado kuna anayevikalisha visikilizi vile vizee. Gego amemjibu aje Jumamosi ijayo, asubuhi, maana saa nane mchana huiacha wazi.