Kanga wa Mwezi wa Juni

Katika kambi ya vibarua ya shamba moja la mkonge, nje kidogo ya Kimamba, nyumba zote zilifanana: fito, udongo, nyasi juu. Mgeni aliweza kuingia nyumba isiyo yake akaketi kabla hajagundua. Nyumba ya Onesphory peke yake ndiyo iliyotambulika hata na mlevi, kwa ajili ya ukuta wake wa mbele.

Onesphory alikuwa mkata mkonge, manamba aliyeletwa kwa mkataba kutoka Songea. Mkataba ulipokwisha hakurudi kwao, maana alikwisha kumwoa Costancia, binti wa milima ya Ukaguru. Ukuta ulikuwa wa Costancia. Kila masika yalipopita na mvua kuubambua udongo, alikandika upya, akalainisha kwa kiganja, kisha akachora. Rangi nyeupe aliichimba mtoni, nyekundu aliitoa kwenye kichuguu, nyeusi ilikuwa masizi ya chungu.

Alichora kile ambacho mwaka ulimletea. Mto Mkondoa ulipofurika, alichora maji yenye vichwa vya mbuzi. Alipojifungua Letisia alichora miezi, mikubwa kwa midogo, na walipomuuliza maana yake alicheka tu. Mvua ikija ikafuta, hakusikitika. Wanawake wa kambi walikuja barazani kwake na ukili wao wa kusuka, wakabishana juu ya picha. Mwanasha, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyekuwa na maneno kuliko wote.

"Mbuzi huyu ana uso wa nyapara wetu," alisema mwaka ule wa mafuriko, wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Mwaka wa hamsini na mbili makundi ya kanga wa porini yalikuwa yakishuka asubuhi kati ya mistari ya mkonge, basi Costancia akawachora. Kanga wengi wakitembea, vichwa vyote upande mmoja, isipokuwa mmoja aliyegeuka nyuma.

Meneja akapita na wageni wawili kutoka Dar es Salaam, mmoja wao ana kamera. Costancia aliambiwa asimame kando ya ukuta. Halafu akaambiwa asogee. Halafu akaambiwa atoke kabisa, kwa kuwa kivuli chake kilikuwa kinawaangukia kanga. Baada ya mwaka mpya kalenda ikatundikwa ofisini, na picha ya mwezi wa Juni ilikuwa ukuta wake. Chini yake palikuwa na maneno ya Kiingereza. Karani akamsomea: "Nyumba ya kibarua, wilaya ya Kilosa."

"Na jina langu?"

"Jina halipo, mama. Lakini kila mtu hapa anajua ni wewe."

Alifurahi hata hivyo. Alirudi nyumbani akitembea katikati ya njia, na watu wakampisha. Wiki haikupita, Onesphory akatolewa shambani akapelekwa ghala la singa, nyuzi za mkonge zilizokaushwa, kivulini. Viganja vyake, vilivyokuwa vimejaa makovu ya miiba, vikaanza kupona.

Masika yakaja, yakaubambua ukuta. Costancia alikuwa akikanyaga udongo wa kukandika alipofika nyapara Mwinshehe, na ukurasa wa kalenda mkononi.

"Mama Letisia, unataka kuchora nini?"

"Sijajua bado, bwana nyapara. Nikishakandika ndipo nitajua."

"Meneja anataka kanga. Wageni wanakuja."

"Kanga walikuwa wa mwaka jana."

"Basi warudishe. Wawe hivi hivi walivyo kwenye picha."

Akauchomeka ukurasa kwenye fito za dari ya baraza, akaenda zake.

Costancia aliitazama picha ile kama kitu cha mtu mwingine. Alihesabu madoadoa. Alipima urefu wa shingo kwa kijiti. Kanga walitoka wakavu, wamesimama kama wamepigwa msumari, na yule aliyegeuka nyuma alimpa taabu kuliko wote, kwa sababu hakukumbuka tena alikuwa anatazama nini. Wageni walipofika alijificha ndani kwa aibu. Akawasikia nje wakishangaa. Kupitia ufa wa mlango alimwona mmoja akiilinganisha picha na ukuta, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mzuri sana," meneja alisema kwa Kiswahili chake. "Sawasawa kabisa."

Hapo Costancia akafahamu kwamba hata mara ya kwanza watu hawa hawakuwa wameona kitu.

Miaka ikaenda hivyo, kila baada ya masika kanga wale wale. Mama yake alipofariki kule milimani, alirudi kutoka mazishini akiwa na jambo moja tu kichwani: mikono ya marehemu ikimenya maharage. Alikoroga rangi siku ile ile. Onesphory akasimama mlangoni.

"Mke wangu, usinifanyie hivyo."

"Ukuta ni wangu."

"Ni wako, sibishi. Lakini kazi yangu imeshikwa na ukuta huo." Akafungua viganja vyake mbele yake. "Nikirudishwa kule kwenye mkonge, sitarudi mzima."

Hakupaza sauti. Angepaza, Costancia angechora. Aliimwaga rangi nyuma ya nyumba, na kesho yake akawachora kanga.

Wanawake waliacha kuja barazani. "Tuje kutazama nini?" aliuliza Mwanasha. "Tumeshawaona." Kisha ikatoka amri nyumba zote za mstari wa mbele ziwe na kanga, na Mwanasha naye akapewa debe la chokaa. Alipita mbele ya Costancia amelibeba.

"Kwa ajili yako nachora ndege nisiowala," alisema, na safari hii hakucheka.

Ghala lilikuwa na kivuli, lakini lilikuwa pia na vumbi. Onesphory alianza kukohoa, akakonda, na mwaka mmoja kabla ya Uhuru akafa. Nyumba ilikuwa ya shamba. Mjane akaambiwa aiache. Costancia alitegemea meneja atamzuia, au atauliza habari za ukuta. Hakuna aliyeuliza. Mwanasha alikuwa anawajua kanga wote kwa moyo.

Akaenda Mikumi kwa mdogo wake Selestina, ambaye mumewe alikuwa fundi wa barabara. Letisia alikwisha olewa, basi alikwenda peke yake. Walimjengea chumba chenye ukuta mpya, mpana, unaotazama asubuhi.

"Dada, chora unachotaka," Selestina alisema. "Hapa hakuna bwana wa kukuamrisha."

Costancia alikoroga rangi. Akafumba macho kwanza, akawaza mikono ya mama yake. Alianza na kidole gumba, kikatoka vizuri. Vidole vilivyofuata vikawa vyembamba, vikachanuka chini, vikawa miguu ya ndege, na kabla hajajua mkono wake ulikwisha weka madoadoa. Akafuta kwa kiganja chenye maji. Siku ya pili akajaribu miti. Siku ya tatu maji. Kila mara kanga walikuja, na wote walitazama upande ule ule. Alipofuta mara ya mwisho aliuacha ukuta na rangi yake ya udongo, akanawa mikono.

Aliishi pale miaka mingi, akilima. Siku moja gari la wageni waliokuwa wakienda kutazama wanyama lilisimama, na dereva akashuka. Costancia na Selestina walikuwa uani wakipura mtama.

"Shikamooni, mama zangu. Mabibi hawa wamesikia sehemu hizi kuna mwanamke anayechora kanga ukutani. Wana picha ya ukuta wake. Mnamfahamu?"

"Marahaba, baba," Costancia akajibu. "Hapa hayupo. Nendeni Kimamba, mkamuulize Mwanasha. Ndiye."

Gari likageuza. Selestina aliweka mti wa kupuria chini.

"Dada, mbona umewapa jina la mtu mwingine?"

"Waliuliza mtu wa kanga," Costancia alisema, akauvuta mtama karibu yake. "Yeye anawachora vizuri kuliko mimi."