Nilirundika mabibo nipate mboji ya bustani, watu wakaja na vidumu

Wakuu, habari za humu.

Anayeandika ni Zuhura mjukuu wangu, mimi naongea yeye anabonyeza. Ananiambia humu ndani wote mnaitwa wakuu, hata watoto. Haya. Walionizidi umri shikamooni, kama mpo. Waliobaki marahaba, msisumbuke kuandika.

Mods, uzi huu ni wa kilimo. Mkifika katikati msije mkauhamishia kwenye vinywaji.

Nataka niwasimulie habari ya mboji. Mboji tu, ile mbolea ya takataka. Nilitaka mchicha wangu uwe kijani kama wa wenzangu, nikaishia kidogo tu nimkoseshe mjukuu wangu mume. Sitii chumvi. Rundo lipo hapa Nambambo nyuma ya jiko langu, mwenye wasiwasi aje aliangalie. Siku hizi halinuki.

Ilianza hivi.

Nina bustani, vituta vichache tu, mchicha, bamia, nyanya. Udongo umechoka. Mchicha unaota una rangi ya mtu aliyetoka kuumwa.

Bwana shamba akaja kwenye kikundi chetu cha akina mama. Kijana mzuri, ana adabu, ila anaongea haraka kama pikipiki inamsubiri. Na kweli ilikuwa inamsubiri.

Akasema akina mama msichome taka, taka ni mbolea. Panga majani makavu, panga mabichi, tia mavi ya mbuzi, nyunyizia maji, funika, chomeka mti katikati. Ukiuchomoa ukaukuta wa moto, ujue rundo linafanya kazi. Akasema chochote kinachooza kinafaa.

Mimi nikanyoosha mkono. "Na mabibo je, mwanangu?"

"Mama, mabibo si yanaoza?"

"Yanaoza."

"Basi hiyo ni mbolea."

Yeye anasema alimalizia na neno "kidogo". Mimi hilo "kidogo" sikulisikia. Tunabishana mpaka leo, na wenzangu wa kikundi nusu wako kwake nusu wako kwangu.

Kwa nyie msio na mikorosho: bibo ni lile tunda la maji ambalo korosho inaning'inia chini yake. Korosho tunaitoa, bibo tunaliacha. Msimu ukifika yanalala chini ya miti, mekundu na ya njano, mpaka nzi wenyewe wanayakinai.

Na maji ya mabibo yakikaa yanageuka uraka. Uraka ni pombe. Hilo huku kila mtu analijua, hata sisi ambao hatujawahi kuutia mdomoni. Na mimi nilijua. Lakini kichwani nilikuwa na mchicha.

Majani makavu nayo sikuwa nayo. Yote nilishafagia nikayachoma, maana ndivyo nilivyolelewa, uwanja wa mwanamke uonekane ardhi. Nikaona basi, mabibo yatatosha yenyewe.

Mimi na Zuhura tukabeba ndoo kwa ndoo. Rundo likanifika kiunoni. Juu nikatupia mavi ya mbuzi, nikafunika na turubai tunaloanikia ufuta, nikalibana na mawe, nikachomeka mti wangu. Nikajiona na mimi mtaalamu.

Sasa mjue kwamba msimu ule nilikuwa na vitu viwili vya kuoza, mabibo na mjukuu.

Zuhura nimemlea mimi. Posa yake ilikuwa imeshaingia, watu wa Chunyu kule Ruangwa. Familia ya dini, wapole, hawana makelele. Kijana anaitwa Rashidi, fundi pikipiki. Walishakuja mara ya kwanza tukaelewana, ilibaki warudi tupange siku.

(Zuhura anasema mambo ya Rashidi nisiyaweke. Nimemwambia andika, la sivyo nampa simu mtoto wa jirani aniandikie. Ameandika.)

Rundo likaanza kunuka. Lingenuka uozo ningevumilia. Lilinuka utamu mkali, ule unaopanda puani ukakaa. Chini likawa linavuja maji, kuku wanakunywa. Jogoo wangu akawa anawika mchana baada ya adhuhuri, tena anaishia katikati ya kuwika, anakaa chini.

Asubuhi nikifunua turubai mvuke unapanda kama nimeinjika sufuria. Nachomoa mti, wa moto. Mimi nafurahi, linafanya kazi.

Mama Shaweji, jirani yangu tunayepakana ua, akapita anakwenda bombani. Akasimama.

"Bi Somoe, shikamoo."

"Marahaba mwanangu."

"Umefunika nini hapo?"

"Mboji."

"Mboji." Akanusa. "Na huo mti?"

"Wa kupimia joto."

"Aa. Unapima." Akanyanyua ndoo yake. "Haya Bi Somoe. Mungu akusimamie."

Jamani, mtu akikuambia Mungu akusimamie kwa sauti ile, ujue umeshaandaliwa maneno.

Basi wazee wa kijiweni, ambao hata nikilazwa hawaji kunijulia hali, wakaanza kupita kwangu. Wanasalimia, wananusa, wananiuliza habari za bustani. Tangu lini wanaume wale wakajua nina bustani?

Mzee Nandonde ndiye aliyenichosha. Huyu hajakanyaga uani kwangu tangu tumzike mume wangu. Alikuja amekificha kidumu nyuma ya mgongo.

"Bi Somoe, nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Hamna. Mimi si mtu wa maneno. Kikiiva niite."

"Nandonde, hii ni mbolea."

"Ndiyo hiyohiyo mbolea," akasema, akanikonyeza. Mtu na meno yake mawili.

Nilikasirika mpaka nikasahau kumfukuza.

Nikampigia bwana shamba anieleze nifanye nini. Hapatikani. Nikaambiwa yuko Ruponda ndani huko, mtandao hakuna. Mkono aliunyoosha kuniingiza, wa kunitoa hana.

Halafu ikaingia simu kutoka Chunyu. Shangazi yake Rashidi, Bi Esha. Anasema, "Dada, kesho tunakuja kuwasalimu."

Kutusalimu kwa lipi, na siku zenyewe bado? Nikajua. Mama Shaweji ana dada yake ameolewa Ruangwa, na huyo dada ana simu na ana muda.

Mjomba wake Zuhura ndiye mwenye kauli kwenye ndoa, na mjomba alikuwa ghalani amekaa na korosho zake anasubiri zipimwe. Nikabaki mimi na rundo.

Zuhura akasema tulifukie. Kufukia rundo lile ungechimba kisima. Tukamwagia majivu, tukachoma udi. Ikawa uani kunanuka uraka na udi pamoja, kama harusi ya walevi.

Wakafika. Bi Esha na kaka yake, yaani baba mzazi wa Rashidi. Bi Esha ni mwanamke mrefu, ushungi umebanwa, kucheka kwake kwa mpango. Tulishasikia kwamba kwao ndoa haipiti yeye asipoipitisha. Nikawatandikia mkeka, nikaleta chai na mihogo ya kuchemsha.

Chai haikuguswa.

"Dada," Bi Esha akasema, "tumekuja kwa wema. Kuna neno limetufikia. Sisi hatusemi ni kweli."

"Neno gani?"

"Kwamba nyumba hii inatengeneza kitu."

"Inatengeneza mboji."

Baba yake Rashidi akakohoa. Upepo ulikuwa unatoka jikoni unakuja mkekani moja kwa moja. Upepo nao siku ile ulikuwa upande wa Mama Shaweji.

"Hodi."

Kilianza kuingia kidumu, Mzee Nandonde akafuata nyuma yake.

"Bi Somoe, nimeona kimya nikasema nije..." Akawaona wageni. Kidumu akakilaza chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Nimekuja kuomba maji."

"Maji yapo bombani, Nandonde."

"Ndiyo." Na hakuondoka.

Nikamtazama Zuhura mlangoni. Kajifunika uso na kanga, mabega yanatikisika. Nikasema moyoni, imekwisha. Mtoto huyu hajakosa lolote, na ataitwa mjukuu wa mama uraka mpaka azeeke, kisa mimi na vituta vyangu vya mchicha.

Bi Esha akasimama. "Nionyeshe."

Nikamtangulia. Nikaondoa mawe, nikafunua turubai. Mvuke ukatoka kwa adabu mbaya.

Bi Esha akainama. Akachota kwa vidole, akanusa. Akanusa tena. Akachovya kidole kwenye yale maji yanayovuja chini, akakisogeza puani, akatikisa kichwa. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayekagua kazi ya fundi:

"Huu si uraka. Uraka unakamua kwanza, unachuja, unaweka kwenye chombo kisafi. Huwezi kuuacha na makapi yake namna hii. Na ukifika harufu hii umeshaharibika, hata mlevi hagusi. Mtamu ni ule wa kesho yake."

Baba yake Rashidi akamtazama dada yake. Mzee Nandonde akamtazama. Mimi nikatazama kuku.

Aliyefungua mdomo ni Nandonde, kwa heshima kubwa sana. "Kweli kabisa mama. Ni wa kesho yake."

Bi Esha akajifuta vidole kwenye pindo la kanga. "Nasikiaga watu wakisema," akasema.

"Watu wanasema mengi dada," nikamjibu. "Hata mimi nimesemwa."

Tukatazamana.

Wakuu, mimi mnaona wenyewe nilivyo, mdomo wangu haulali. Lakini pale niliufunga, na huko kuufunga ndiko kulikomwoza Zuhura. Tukarudi mkekani. Chai ilikuwa imepoa na wakainywa hivyohivyo, mihogo ikaliwa, siku ikapangwa. Nandonde naye akanywa chai, nani angemfukuza, alikuwa shahidi.

Msije mkasema namwanika mkwe wangu. Bi Esha mwenyewe aliisimulia habari hii jikoni siku ya ndoa, sufuria za pilau ziko motoni, na aliisimulia vizuri kuliko mimi. Kumbe utotoni bibi yake alikuwa anautengeneza uraka, naye ndiye aliyekuwa anachuja. Wanawake walicheka mpaka pilau likashika chini. Mama Shaweji alikuwepo, anakuna nazi. Hakuinua kichwa.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo nililokuja kusema, hayo mengine ni njia tu.

Kwanza, msichome majani. Nimefagia na kuchoma majani maisha yangu yote kwa ajili ya sifa ya uwanja, siku nayahitaji sina hata kiganja.

Pili, mabibo ni maji matupu na sukari. Yaanike yanyauke. Ukitia ndoo ya mabibo, juu yake tia makavu mengi kuliko hayo mabibo, mabua, majani, nyasi, halafu mavi ya mbuzi na udongo kidogo. Chota, kamua mkononi. Likitiririka maji umekosea, ongeza makavu. Likinuka utamu, usichome udi. Ligeuze lipate hewa. Turubai lisifike mpaka chini, hewa ipite.

Bwana shamba alirudi akaniambia hayohayo. Nikamwambia mwanangu, ungeyasema siku ile polepole, pikipiki isingekukimbia.

Tulilivunja rundo lote tukalipanga upya. Ilichukua muda, mgongo ukaniuma, jogoo akapata akili zake. Sasa mboji yangu ni nyeusi, ukiishika inanukia ardhi iliyonyeshewa. Mchicha uko kijani mpaka wapita njia wanauulizia.

Mama Shaweji naye anakuja kuuomba. Nampa. Nachuma, namfungia vizuri, namkabidhi mkononi, namwambia kula mwanangu, umeoteshwa na uraka.

Zuhura yuko hapa, amekuja kunisalimia kutoka kwa mumewe. (Kwa hiyo msimtumie PM, ameolewa.) Ametoka kunisomea ujumbe wa Bi Esha, ndiyo maana nikakumbuka kuwasimulia haya yote. Bi Esha naye amerundika mabibo huko Chunyu. Anasema mti wake ni wa moto, anashukuru, ila kuna mzee amepita mara ya pili anamuuliza habari za bustani.

Nikamwambia Zuhura mjibu, amwambie huyo mzee ni mbolea.

Bi Esha amejibu. Anasema amemwambia, na mzee amemkonyeza.

Sasa wakuu wa Masasi, Newala, Tunduru na kote kwenye mikorosho, nyie mabibo mnayafanyaje yasilete maneno? Semeni msichelewe, Chunyu kuna mtu anasubiri jibu.